Sifuri ya Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kompyuta, kiti cha ofisi chenye magurudumu na ufunguo wa choo cha ghorofa ya tatu. Kazi yenyewe ni nini, hakuna aliyeniambia. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, kwanza kwetu Tanga, halafu katika hospitali moja ya hapa Brussels, na nilijifunza ukubwani kusanifu programu za simu kwa sababu mgongo ulikataa kuendelea kuinua wagonjwa. Ofisi ilikuwa ndogo, dakika tano kwa miguu kutoka kituo cha metro cha Schuman, katikati ya majengo ya vioo ambamo watu huvaa vitambulisho shingoni hata wanapotoka kununua mkate. Sisi hatukuwa na vitambulisho. Mlango wetu ulikuwa unakwama, na tuliona huo ni ulinzi wa kutosha.

Nimestaafu mwezi uliopita. Nyinyi mliobaki mmeniomba niandike kuhusu kazi ya bondeni, ambayo mmeisikia kwa vipande tu jikoni mkisubiri kahawa. Nitaandika yote, pamoja na ile sehemu ambayo kwenye ripoti ilipewa sentensi moja.

Nchi sitaitaja. Mkataba unanizuia, na watu wake wamechoka kutajwa. Inatosha kusema kwamba kulikuwa na mtambo wa umeme wa nyuklia, kukatokea ajali, na watu wa bonde zima wakaondolewa kwa mabasi. Miaka mingi baadaye waliruhusiwa kurudi, wakarudi nusu. Serikali ilikwangua udongo wa juu kwenye nyua, bustani na viwanja vya shule. Msitu haukukwanguliwa, kwa sababu hakuna anayeweza kukwangua msitu. Na watu wale waliishi kwa msitu: uyoga, matunda ya porini, nyama ya nguruwe mwitu. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na swali moja lililorudi kila siku mezani: hiki naweza kumpa mtoto au siwezi? Kazi yetu ilikuwa kutengeneza chombo cha simu cha kujibu swali hilo, na cha kuwakumbusha watu tarehe za kupimwa tezi ya shingo na mwili mzima.

Aliyenipokea hasa alikuwa Papa Ilunga. Alikuwa Mkongo wa Likasi, mfupi, mkimya, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akihakiki mashine za kupima mionzi. Aliishi Berchem-Sainte-Agathe, akija kwa tramu na kopo la chakula chake, na hakuwahi kula katika mgahawa wowote wa mtaa ule kwa maelezo kwamba sahani zao ni kubwa na chakula ni kidogo. Kiswahili chake na changu viliachana njiani mara nyingi. Mimi nilisema mtoto, yeye akasema mutoto, na namba zote alizitaja kwa Kifaransa. Lakini wenye lugha hiyo tulikuwa wawili tu, na tuliitumia kusema yale ambayo hatukutaka mkutano uyasikie.

Siku ya pili aliniita kwenye chumba chake cha nyuma. Palikuwa na sanduku zito la chuma, ndani limezungushiwa kuta za madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Alinipa kikombe kitupu cha plastiki akaniambia nikipime. Nilidhani ananitania. Nilikiweka ndani, nikafunga kifuniko, tukakaa nusu saa bila kuzungumza, maana Papa Ilunga hakupenda maneno wakati mashine inahesabu. Mwishoni ikatoka namba ndogo. Nikamuuliza namba hiyo imetoka wapi wakati kikombe ni kitupu. Akaniambia imetoka ukutani, sakafuni, angani, na kwangu mimi niliyesimama karibu. Mionzi kidogo ipo kila mahali tangu dunia iwepo, na kazi yetu ni kutenganisha iliyokuwepo na iliyoongezwa. Nililielewa somo lile siku hiyo. Nililisahau siku nilipolihitaji.

Safari ya kwanza bondeni nilikutana na Vera. Alikuwa mama wa binti mmoja, Mila, aliyekuwa na miaka sita, na ndiye aliyeendesha mashine ya kupima chakula katika ukumbi wa kijiji. Zamani alifanya kazi ya usafi Liège, hivyo tulielewana kwa Kifaransa, na alikuwa na maoni makali kuhusu Wabelgiji na namna wanavyokata viazi. Nilikaa naye siku nne. Watu walileta uyoga kwenye vikapu, yeye akaukatakata, akaujaza kikombeni, akafunga kifuniko. Matokeo aliyaandika kwenye karatasi, na watu waliziweka karatasi hizo mifukoni kama vyeti. Bibi mmoja alimwonyesha kipimo cha miaka mitatu iliyopita, akataka kujua kama bado ni halali.

Niliporudi nilisanifu skrini. Kijani, kula. Njano, kula kidogo, mtoto asile. Nyekundu, usile. Mashine mpya tulizopeleka hazikuwa na kioo chao wenyewe. Zilituma matokeo moja kwa moja kwenye simu ya mwenye chakula na kwenye simu ya Vera. Nilijivunia hilo. Niliona nimemwondolea Vera mzigo wa kuandika.

Sasa sifuri. Tulipokuwa tunajaribu programu hapa ofisini, kabla mashine haijatuma chochote, kisanduku cha matokeo kilibaki kitupu. Waliojaribu walidhani simu imeharibika, wakakibonyeza tena na tena. Kwenye mkutano mtu mmoja alisema kinachukiza. Nilisema tuweke sifuri kwa muda, nitarudi kukirekebisha. Na kwa kuwa sifuri iko chini ya kiwango cha hatari, programu iliipaka kijani yenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Sikurudi. Hakuna aliyenikumbusha, na mimi mwenyewe baada ya wiki mbili nilikuwa nimeshazoea kuiona.

Chombo kilifanya kazi msimu wa kwanza bila tatizo. Msimu wa pili, uyoga ulipoanza kuota, Papa Ilunga alifanyiwa upasuaji wa goti akawa nyumbani kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo tulianza kupokea habari nzuri. Uyoga wa kijiji cha Vera ulikuwa unatoka kijani, kikapu baada ya kikapu. Vera alinitumia picha ya watu wakicheka nje ya ukumbi. Aliandika kwamba wazee wanasema msitu umeanza kupona. Mkurugenzi wetu, Liesbet, Mbelgiji aliyeianzisha ofisi ile na kuipigania kwa miaka, aliiweka picha hiyo kwenye wasilisho la wafadhili. Wasilisho lilikuwa saa nane mchana, siku ya Alhamisi, katika jengo moja la pale Schuman.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo ndipo Papa Ilunga alipochechemea ofisini kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Nilimwonyesha orodha ya matokeo, nikitaka afurahi nami. Aliisoma akiwa amesimama na mkongojo, kutoka juu hadi chini, kisha akaanza tena juu.

"Maman Rehema," alisema, "sikiya. Mashine ya muzima haisemaka zéro. Inasema, sijaona kintu. Zéro, ni nani alitia?"

Nilikumbuka kile kikombe kitupu kilichotoa namba. Nilimwambia ni mimi.

Hakunilaumu. Alivuta kiti akakaa, akaniambia nifungue kumbukumbu za mashine yenyewe, zile zinazokuja kabla ya programu kuzipamba. Zilikuwa tupu. Kwa wiki tatu mashine ya kijiji kile haikutuma hata namba moja. Huenda waya ulilegea, huenda kichwa cha kupimia kimekufa, hatukujua. Tulichojua ni kwamba kila uyoga uliopita pale ulipewa sifuri yangu, na sifuri yangu ilikuwa ya kijani.

Tulimwita Liesbet. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa chumba, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Sitaki mumdhanie vibaya. Alisema kitu cha kwanza ni kuthibitisha. Tumtume fundi, atafika baada ya siku mbili, tujue tatizo ni nini, kisha tuwaambie watu jambo lililo kamili. Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma, alipokuwa bondeni, mtu alieneza tangazo la hatari lisilo la kweli. Watu walikimbia na magari kwenye theluji, mzee mmoja akafia njiani. Liesbet alikuwa kwenye msafara ule. Alisema hofu nayo inaua, na yeye aliiona kwa macho yake.

Papa Ilunga alimjibu kwa Kifaransa, polepole, kwamba siku mbili ni milo sita. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, kana kwamba ananong'ona kanisani: "Beko banakula sasa hivi." Yaani wako mezani, wanakula.

Nilitoka nje ya chumba nikampigia Vera. Niwaambie ukweli, wadogo zangu wa kazini, sikuwa nimeamua kwa ujasiri. Niliogopa kwamba nikikaa mle ndani dakika kumi zaidi nitakubaliana na Liesbet.

Vera alipokea akiwa ukumbini. Nilisikia watu nyuma yake. Nilimwomba kwanza asipokee uyoga mwingine, halafu nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikitanguliza waya na kumbukumbu za mashine, mpaka akanikatiza.

"Sema kwa neno moja. Uyoga ulipimwa au haukupimwa?"

"Haukupimwa."

Nikasikia anasogea mbali na watu, mlango ukafungwa.

"Sisi tumekula jana. Na juzi. Mila anaupenda na siagi." Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Hiyo sifuri, nani aliiweka?"

"Mimi."

"Na mimi nimewaambia watu msitu umepona," alisema. "Kwa mdomo wangu." Akakata simu.

Nilirudi chumbani nikawaambia kwamba Vera anajua, na kwamba kufikia jioni bonde lote litajua, kwa hiyo lililobaki ni kuchagua watasikia kutoka kwetu au kutoka kwa jirani. Sijui kama Liesbet alikuwa na hasira. Alivuta kompyuta akasema basi tuandike.

Ujumbe ule ulitutoa jasho kuliko programu nzima. Liesbet aliandika "huenda vipimo vina kasoro", nikaifuta "huenda". Mimi niliandika aya ndefu ya maelezo, Papa Ilunga akaifuta yote. Ulibaki hivi: vipimo vya uyoga vya wiki tatu zilizopita si vya kweli, sifuri mliyoiona ilikuwa kosa letu, msile uyoga wa msituni mpaka upimwe upya, hakuna haja ya kuondoka nyumbani, gari la kupima mwili linakuja, pigeni namba hii, mtajibiwa na mtu. Sentensi ya kutokuondoka nyumbani ni ya Liesbet. Ndiyo sentensi bora ya ujumbe wote, na ninaamini ilizuia magari barabarani.

Tuliutuma kabla ya saa sita. Simu zilianza mara moja. Wenzangu wawili waliojua lugha ya kule walizipokea kwa zamu, na waliopiga wakijua Kifaransa tuliwajibu mimi na Papa Ilunga, goti lake limewekwa juu ya kiti. Saa nane Liesbet alikwenda kwenye wasilisho peke yake. Alikuwa ameitoa picha ya watu wakicheka. Aliporudi alivua koti, akachukua simu iliyokuwa inalia mezani kwangu, akaijibu. Wafadhili walisema nini hakutuambia siku hiyo, na mimi sikuuliza.

Gari la kupima mwili lilihitaji siku tisa kufika kijijini. Mimi nilifika kabla yake, badala ya fundi, nikiwa na mashine mpya ambayo Papa Ilunga aliihakiki mara tatu, akaifunga kwa taulo lake mwenyewe kwa kutoamini karatasi za posta. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Watu waliniitikia salamu, wakaendelea na shughuli zao, na dukani muuzaji alinipa nilichoomba bila kuniangalia. Vera alinifungulia ukumbi, akanionyesha soketi ya umeme, akaenda zake. Waya wa mashine ya zamani ulikuwa umechomoka kidogo sana nyuma, kiasi cha unene wa ukucha. Niliurudisha kwa kidole kimoja. Halafu nikakaa sakafuni.

Siku ya gari watu walipanga foleni tangu asubuhi. Ndani kulikuwa na kiti kama cha daktari wa meno. Unakaa dakika chache, mashine nyuma ya mgongo inahesabu kilichomo mwilini mwako. Mila aliingia akiwa amekumbatia sungura wa kitambaa, daktari akamwambia sungura abaki nje, naye akakataa kuingia bila sungura, mpaka sungura akapimwa kwanza. Vera alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mimi nilisimama hatua kumi nyuma. Sikujua kama ninaruhusiwa kukaribia.

Namba ya Mila ilikuwa imepanda kuliko ya mwaka uliotangulia. Daktari alieleza kwamba iko chini ya kiwango cha kuhitaji dawa, kwamba mwili wa mtoto huitoa seziamu, ile sumu ya mionzi iliyomo kwenye uyoga, haraka kuliko wa mtu mzima, na kwamba akila chakula safi itashuka katika miezi michache. Atapimwa tena majira ya kuchipua. Vera alimwomba arudie. Akarudia. Wengine wa kijiji walikuwa hivyo hivyo, wengine juu kidogo, wengine chini. Hakuna aliyelazwa. Nyinyi mnaosoma hili msishushe pumzi haraka. Hatukujua hivyo tulipokuwa tunangoja, na hata kama hakuna aliyelazwa, mama alisimama siku tisa akimtazama mwanawe akila.

Jioni ile walikutana ukumbini, nikaitwa, daktari akinitafsiria. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alisimama, akasema hana haja ya kujua kuhusu waya. Alitaka kujua jambo moja: mashine ikiwa haijui, simu itasema nini? Nikasema itasema haijui. Akasema ionyeshe. Sikuwa na cha kuonyesha, basi nilichukua kalamu nene nikachora kwenye karatasi ya ukutani mraba wa kijivu, na ndani yake neno moja: HAIJAPIMWA. Mtu akasema maandishi ni madogo. Nikachora upya. Mwingine akauliza atampigia nani, maana ile namba ya Brussels ilimchosha kwa muziki wa kusubiri. Hapo Vera alisimama.

"Weka jina langu chini yake, na namba yangu," alisema. "Na karatasi zirudi. Mashine iniambie mimi kwanza. Mimi nitaangalia, nitaandika, nitasaini, ndipo simu iseme. Nikikosea, wanajua nyumba yangu ilipo."

Chombo mnachokitumia leo ndicho kile. Mnapoona jina la mtu chini ya kila kipimo na mkajiuliza kwa nini hatukuliondoa ili kuharakisha, ni kwa sababu hiyo. Wengi wenu mmeniambia ni hatua ya ziada. Ni kweli, ni hatua ya ziada.

Majira ya kuchipua Vera alinipigia. Hatukuwa tumezungumza nje ya kazi tangu ukumbini. Alinitajia namba mpya ya Mila, na ilikuwa imeshuka kama daktari alivyosema. Nikamshukuru kwa kuniambia. Akasema hakuniambia ili nifurahi. Aliniambia kwa sababu nilikuwa na haki ya kujua mwisho wake, kisha akaniaga kwa adabu.

Vuli iliyofuata nilikwenda tena, safari yangu ya mwisho bondeni kabla sijahamishiwa kazi nyingine. Niliingia ukumbini nikamkuta Vera mezani, miwani puani, anaandika. Alipima kikapu chake mwenyewe mwishoni, baada ya cha kila mtu. Tulisubiri nusu saa. Namba ikatoka, akaisoma, akaiandika, akasaini, simu yake ikalia ikaonyesha kijani. Akaniambia nimfuate nyumbani.

Aliukaanga kwa siagi na vitunguu. Mila alikaa kwenye kona ya meza akiuma mkate, akituangalia sote wawili kwa zamu. Vera alipakua sahani tatu, lakini mbili aliziacha jikoni. Ya tatu aliiweka mbele yangu pamoja na uma, akakaa upande wa pili.

"Kula wewe kwanza," alisema.

Nikala. Vera alinitazama mpaka nilipomeza, na mara ya pili, na mara ya tatu. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akaleta sahani ya Mila.